Kwa padri, pamoja na kusanyiko, au chumbani peke yako: wapi pa kuungama dhambi?

Huku Masasi korosho na Majilio, yale majuma ya kuingojea Krismasi, huja kwa pamoja. Minada inaanza Oktoba, fedha zinaanza kuonekana Novemba, na Jumapili ya kwanza ya Majilio inamkuta mtu ana hela mfukoni na neno moyoni. Ndiyo miezi ambayo mtu hunisubiri nje ya kanisa, ananisalimu, anaulizia watoto, anaulizia shamba, halafu anashusha sauti: "Msomaji, mtu akitaka kuungama aende wapi?"

Swali hilo kwetu ni zito kwa sababu njia zote zipo ndani ya ua mmoja. Mimi nimebatizwa Anglikana na ni msomaji wa kanisa, si padri. Mke wangu ni Mkatoliki wa upande wa Ndanda. Dada yangu anayenifuata ameokoka, anasali na Wapentekoste Mtwara mjini. Krismasi tukikaa mkeka mmoja na sahani moja, tuko watu watatu tunaoamini kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, na kila mmoja ana jibu lake kuhusu mahali pa kuzitamka.

Nimeungama kwa njia zaidi ya moja katika maisha yangu, na jambo moja lilinifundisha tofauti zake kuliko vitabu. Nitalifikia. Kwanza tuziweke njia zenyewe kando kwa kando, tuangalie nani anakusikia, unaambiwa nini baada ya kusema, siri yako inalala wapi, na yule uliyemkosea anapata nini. Hilo la mwisho watu hulisahau.

Wanapokubaliana

Dada yangu hupenda kusema, "Mwanadamu hawezi kusamehe dhambi." Mke wangu hamkatalii hata kidogo. Waandishi waliosema katika Marko 2 kwamba hakuna awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu peke yake walikuwa sahihi katika hilo, na Kanisa Katoliki linafundisha hivyohivyo. Wanachobishania ni mlango ambao msamaha wa Mungu unapitia kumfikia mtu. Mke wangu anafungua Yohana 20, pale Yesu mfufuka anapowavuvia wanafunzi na kuwaambia kwamba wowote watakaowaondolea dhambi wameondolewa. Dada anafungua 1 Yohana 1:9, "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu." Na mimi nikiwa katikati huwakumbusha Yakobo 5:16, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi," ambayo haimpi raha kamili yeyote kati yao.

Maneno yetu ya Kiswahili yenyewe yanasaidia kama mtu akiyatenga. Kujuta ni moyo kuuma. Kuungama ni mdomo kusema. Kutubu ni miguu kugeuka. Kutaka radhi ni kwenda kwa mtu. Kila njia kati ya hizi ina nguvu katika neno moja au mawili, na inaweza kumwacha mtu njiani katika yale mengine.

Kitubio cha Wakatoliki

Mke wangu huenda Jumamosi alasiri. Foleni inakaa kwenye mabenchi ya pembeni, watu wanasogea kimya kila mmoja anapotoka. Padri amevaa stola ya zambarau, kile kitambaa kirefu cha shingoni. Ukipiga magoti unaomba baraka, unasema umeungama lini mara ya mwisho, kisha unataja dhambi zako. Padri anakuuliza akitaka kuelewa, anakushauri, anakupa malipizi, nawe unasali ile sala ambayo kila mtoto wa Komunyo ya Kwanza huku ameikariri: "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako, kwani ndiwe mwema..." Halafu yanakuja maneno ambayo mke wangu anasema ndiyo anayoyafuata: "Nami nakuondolea dhambi zako kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Wajibu huu una historia ndefu. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, uliamuru kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka, na amri hiyo ingali katika Amri za Kanisa. Inahusu hasa dhambi ya mauti, yaani jambo zito lililotendwa kwa kujua na kwa kukubali kwa hiari. Dhambi nyepesi si lazima kuzipeleka, ingawa Kanisa linashauri. Ile "Nakuungamia Mungu Mwenyezi" inayosaliwa na wote mwanzoni mwa Misa, pamoja na kupiga kifua kwake, haichukui nafasi ya kitubio kwa mwenye dhambi ya mauti. Wakatoliki wengi ninaokutana nao hawalijui hilo.

Nguvu yake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni siri. Padri haruhusiwi kutoa ulichosema kwa mtu yeyote na kwa sababu yoyote, na akiivunja siri hiyo moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo. Hawezi hata kukutazama kwa jicho jingine kesho yake kwa sababu ya ulichomwambia. Katika mji mdogo ambako habari hufika gengeni kabla mwenyewe hujafika nyumbani, hiyo si zawadi ndogo. Na kama unamwonea haya paroko wako, hakuna sheria inayokufunga kwake. Panda gari nenda Ndanda, au popote penye padri mwenye ruhusa ya kuungamisha asiyeijua sauti yako.

Nguvu ya pili ni kwamba unalazimika kulitaja jambo kwa jina lake. Kusema "Bwana, mimi ni mwenye dhambi" hakumgharimu mtu kitu, maana kila mtu ni mwenye dhambi. Kusema "nilichukua laki moja ya kikundi nikasema imepotea" kunagharimu. Mwalimu wa katekisimu wa mke wangu alikuwa akiwafundisha watoto kwa methali tuliyoizoea, mficha uchi hazai.

Udhaifu wake nauona kwa walioizoea sana. Orodha inakuwa ileile ya utotoni: nimekasirika, nimesema uongo, nimekosa sala za jioni. Mtu mwenye miaka hamsini anaungama dhambi za mtoto wa miaka tisa, na ile yake halisi inabaki nyumbani imekunja miguu. Kisha anasali Salamu Maria tatu na kutoka ameridhika. Kosa hapo si la sakramenti, ni letu, lakini njia yenye utaratibu inamruhusu mtu kujificha ndani ya utaratibu.

Kuna na mipaka ya kujua mapema. Anayeishi na mwenza bila ndoa ya Kanisa kwa kawaida hapewi ondoleo mpaka jambo hilo liwekwe sawa, ila hazuiwi kwenda kuzungumza na padri, na ninamshauri aende, kwa sababu wengi wamekaa miaka mbali na kanisa kwa kudhani mlango umefungwa kabisa. Asiye Mkatoliki naye hawezi kwa kawaida kupokea ondoleo kwa padri wa Kikatoliki, isipokuwa katika hali za pekee kama hatari ya kufa. Ushauri atapewa, na kusikilizwa atasikilizwa.

Anglikana, na kwa nini wa Masasi wanafanana na Wakatoliki

Mgeni akija kanisani kwetu na kuona padri amekaa na stola akimsikiliza mtu aliyepiga magoti, hushangaa. Sababu iko katika mwanzo wetu. Askofu Edward Steere, yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, aliwaleta Masasi mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji chini ya miamba hii. Misheni yake, UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyozaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857, ilishika mapokeo ya Kianglikana yaliyo karibu na Ukatoliki. Ndiyo maana tunamwita padri "padri", na ndiyo maana maungamo ya siri yapo kwetu.

Ila kwetu hayalazimishwi. Waanglikana wana msemo wa zamani kuhusu maungamo ya siri: wote wanaweza, wengine inawafaa, hakuna anayelazimika. Kwa walio wengi, kuungama ni kule kwa pamoja katika ibada, tunapokiri kwamba tumepotea kama kondoo, tumeyaacha yaliyotupasa na kuyatenda yasiyotupasa, na padri anatangaza ondoleo juu ya wote. Nimeisikia sala hiyo tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Ina uzuri ambao maungamo ya siri hayana. Tajiri na kibarua, mama askofu na mfagia kanisa, wote wanasema "tumekosa" kwa pumzi moja. Hakuna anayebaki amesimama.

Lakini ukweli niuseme, ni rahisi kuisali ukiwa unahesabu magunia. Neno "tumekosa" ni pana mno. Kila mtu anaingia humo na hakuna anayeonekana.

Walutheri, ambao huku si wengi kama kaskazini, wanafanana nasi kwa sehemu kubwa. Watu hudhani Martin Luther aliyafuta maungamo ya siri. Hakuyafuta. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 alizozitoa mwaka 1517 inasema maisha yote ya mwamini yawe toba, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni tamko la imani la Walutheri, linataka ondoleo la mtu mmoja mmoja libaki, ila mtu asilazimishwe kuzihesabu dhambi zote moja moja, kwa kuwa hakuna awezaye kuzimaliza. Kwa Mlutheri aliyesongwa na jambo, mchungaji wake anaweza kumsikiliza na kumtangazia msamaha ana kwa ana. Wachache wanaomba.

Kinachojulikana zaidi kwa Walutheri, na si kwao peke yao, ni kurudi kundini. Aliyetenda kosa linalojulikana na watu, mara nyingi la ndoa au la mimba, anazuiwa meza ya Bwana kwa muda, kisha anasimama mbele ya usharika na kupokelewa tena. Nimeona watu walionyooka baada ya kupokelewa hadharani, kwa sababu minong'ono ilikosa chakula. Nimeona na kinyume chake: binti wa miaka kumi na saba amesimama mbele peke yake na tumbo lake, na mwanamume aliyehusika ameketi benchi la tatu akiimba tenzi. Dhambi ya wawili ikaungamwa na mmoja. Kama kanisa lako lina utaratibu huo na wewe ni mzee wa kanisa, uliza kila mara yuko wapi yule wa pili.

Kwa waliookoka

Kwa dada yangu hakuna foleni wala stola. Mhubiri anatoa wito, watu wanakwenda mbele, wanaongozwa sala ya toba, na wanaambiwa kwamba Mungu amewasikia. Baada ya hapo toba ni ya kila siku, chumbani, kwenye maombi ya kufunga, kwenye mkesha. Akikosea saa nne asubuhi akiwa sokoni, anatubu saa nne hiyohiyo akiwa sokoni. Hasubiri Jumamosi wala hasubiri padri arudi kutoka kigangoni.

Naipenda haraka hiyo. Mwana mpotevu wa Luka 15 hakuandikiwa miadi, alikwenda, na baba akamkimbilia angali mbali. Wapentekoste wanajua pia kulia, jambo ambalo sisi wa vitabu vya sala tumelisahau. Nilihudhuria mkesha mmoja Mtwara mjini na dada yangu, nikalia mpaka shati likalowa, na sioni haya kusema kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli.

Udhaifu ni kwamba ukiwa peke yako chumbani wewe ndiye mshitakiwa, wewe ndiye mtetezi na wewe ndiye unayejitangazia hukumu. Mwenye moyo mgumu anajisamehe upesi. Mwenye moyo mwepesi hajisamehi kamwe, anatubu jambo lilelile kila mkesha kwa miaka, anakwenda mbele kila wito unapotolewa, kwa sababu hajawahi kusikia sauti ya mtu mwingine ikimwambia, "Umesamehewa, nenda." Na siri haina ulinzi. Ukimweleza mtumishi jambo lako, hakuna sheria inayomfunga kama ile ya padri, kuna tabia yake tu. Mchague kwa makini, na usimwambie mtu ambaye umewahi kusikia mahubiri yake yana habari za wengine.

Bakuli

Sasa jambo langu mwenyewe. Asiyejua kangomba nimweleze: ni kununua korosho kwa mkulima kwa bakuli, nje ya chama cha msingi cha ushirika, mara nyingi kwa mtu aliyebanwa na njaa. Januari na Februari mahindi bado mabichi shambani, ghala tupu. Unamkopesha mtu unga. Msimu ukifika anakulipa kwa korosho, bakuli likijazwa mpaka linafanya kilima. Wewe unazipeleka chama cha msingi kwa jina lako, zinapimwa kwa kilo, na bei ya mnada unaipata wewe.

Mwaka mmoja mbaya nilimfanyia hivyo jirani yangu, bibi mjane. Unga niliompa ulikuwa mdogo na bakuli langu lilikuwa kubwa. Nilijua. Nilikuwa nasoma somo la pili Jumapili hiyohiyo.

Niliungama. Kila Jumapili nilisema "tumekosa" na wenzangu. Ndipo nikaenda kwenye ule mkesha wa Mtwara, nikalia kama nilivyosema, nikamwambia Mungu jambo lote kwa jina lake, nikapanda basi la asubuhi nikiwa mwepesi. Tulipofika nyumbani nilizunguka njia ya nyuma ili nisipite mbele ya nyumba ya bibi. Hapo nilijua kwamba bado.

Nilikwenda kwa padri wetu, ambaye sasa ni marehemu. Nikapiga magoti, nikasema yote: bakuli ishirini. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Yeye anajua kwamba umekuja hapa?" Nikasema hapana. Akanikumbusha maneno ya Mathayo 5, ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, uende ukapatane kwanza. Hakuninyima ondoleo. Alisema, "Nenda, halafu urudi. Nitakuwa hapa mpaka jioni."

Bibi alikuwa barazani anapepeta mchele. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, umepotea." Nilikaa chini. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya zile korosho, kwamba nilimdhulumu, kwamba nimeleta tofauti ya bei ya bakuli ishirini, na naomba radhi. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. Kisha akasimama, akaniita ndani, akavuta mlango. Nyuma ya mlango, kwenye udongo wa ukuta, kulikuwa na alama za mkaa, tano tano zimefungwa kwa mstari. Akazihesabu kwa kidole. Ishirini na sita.

"Na zile alizokuja kuchukua mwanao mara mbili?"

Nilikuwa nimezisahau. Nilimtuma mtoto, ni kweli, bakuli tatu na tatu. Nilikuwa nimemwambia Mungu ishirini, nimemwambia padri ishirini, na kwa machozi yote yale hesabu yangu ilikuwa pungufu, kwa sababu aliyeijua hesabu nzima sikuwa nimekwenda kwake.

Bibi ni Mwislamu, na alisema kwa maneno ya kwao ambayo nimeyasikia mara nyingi huku lakini siku hiyo yaliniingia: kuna haki ya Mungu na kuna haki ya mja, na haki ya mja humalizana na mja. "Kwa Mungu umeshakwenda," akasema. "Hapa ndiyo umefika leo. Lete na hizo sita, ndipo tuseme yaishe."

Nilileta siku ya tatu. Alisema yaishe. Msimu uliofuata nilimbebea gunia lake mpaka chama cha msingi, likapimwa kwa jina lake. Na jioni ile ya kwanza nilirudi kwa padri kama alivyoniagiza, nikamwambia sikukamilisha, zimebaki sita, akanipa ondoleo juu ya ahadi ya kuzilipa. Sikulia. Lakini kesho yake nilipita njia ya mbele.

Basi uende wapi

Ukiniuliza mimi, usianze na dhehebu. Anza na dhambi yenyewe, uitazame imemgusa nani.

Kama imemgusa mtu mali yake, jasho lake, jina lake, basi njia yoyote utakayochagua ni nusu mpaka umfikie huyo mtu. Zakayo hakuishia kumpokea Bwana nyumbani. Alitamka hesabu, mara nne. Torati katika Walawi 6 inataka mali irudishwe na sehemu ya tano juu yake kabla ya sadaka. Kama aliyedhulumiwa amekufa, warithi wapo. Kama hajulikani, maskini wapo. Kama kujitokeza kutaleta hatari au kumtonesha jeraha, mali inaweza kurudishwa kwa mkono wa mtu mwingine, na padri anayesikia ungamo mara nyingi ndiye huyo mkono. Ila kama ulichotenda ni jinai, padri hatakuripoti, lakini usitegemee akusaidie kuificha. Atakusukuma ukajitokeze mwenyewe.

Kama ni dhambi ya siri inayokurudia, pombe ya usiku, picha chafu za simuni, mkono mwepesi kwenye sanduku la kikundi, usibaki nayo chumbani. Umeshaitubu chumbani mara ngapi? Inahitaji sikio la mtu, na ni bora liwe lilelile kila mara, anayekumbuka ulisema nini mara iliyopita. Mkatoliki ana kitubio. Mwanglikana ana padri wake, na akumbuke kwamba "hakuna anayelazimika" haina maana ya "hakuna anayehitaji". Aliyeokoka atafute mzee wa imani mwenye mdomo mzito, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke.

Uzinzi ambao mwenzako haujui ni mgumu kuliko yote ninayoulizwa. Usikimbilie kumwaga habari kwa mkeo au mumeo usiku huo ili wewe upate usingizi na yeye aukose. Anza kwa padri au mchungaji, ukatishe uhusiano huo kwanza, na mshauriane namna na wakati. Kama kuna hatari ya ugonjwa, hapo hakuna kusubiri: mkapimwe wote wawili.

Kama jambo linajulikana kijiji kizima, maungamo ya siri peke yake hayatoshi kuponya kilichovunjika, maana kilichovunjika ni imani ya watu. Hapo kusimama mbele ya wenzako kuna maana, kama ni kwa hiari yako na kama wote waliohusika wanasimama.

Kama umekwisha kuungama, umekwisha kurudisha, na bado unaamka usiku ukijihukumu, usiungame tena jambo hilohilo. Mwambie mmoja tu anayekuongoza, umtii akikwambia limekwisha. Kwa mtu wa namna hiyo mimi humwelekeza penye tamko la ondoleo linalosikika kwa sikio, iwe kwa Wakatoliki, kwetu au kwa Walutheri, kwa sababu sauti yake mwenyewe ndiyo inayomtesa.

Mgonjwa aliyezidiwa asiachwe asubiri. Kwa Mkatoliki aliye katika hatari ya kufa, padri yeyote anaweza kumwondolea, hata aliyekwisha kuacha huduma. Kitabu chetu cha Sala cha mwaka 1662 nacho kinamtaka padri amhimize mgonjwa aungame kama dhamiri inamlemea. Ndugu wengi huchelewa kumwita padri kwa kuogopa kumtisha mgonjwa. Wagonjwa niliowakalia hawakutishika. Walikuwa wakisubiri aitwe.

Na kuna wanaokuja kuungama kisichokuwa chao. Msichana aliyeguswa na mjomba, mke anayepigwa anayeomba msamaha kwa kuwa alijibu. Aliyetendewa uovu hana cha kuungama katika uovu huo, katika kanisa lolote kati ya haya. Akija kwako, usimpeleke kwenye foleni ya kitubio. Mpeleke kwa mtu atakayemlinda, dawati la jinsia la polisi au hospitalini, na umsindikize kwa miguu yako.

Kwa wengine wote, kama mwaka huu ndio wa kwanza baada ya miaka mingi, usingoje ukumbuke maneno. Wengi wanakwama hapo, wanaona haya kwamba wamesahau sala ya kutubu. Ingia, piga magoti au kaa, na useme hivyohivyo: "Padri, sijui nianzie wapi." Ataanza yeye kwa kukuuliza.